Wa Kwanza Huulizwa ya Pili

Ukimpa kitu chochote, alikifungua kwanza. Kikombe alikiinamisha na kukichungulia kabla hujamimina chai. Mwavuli aliukunjua, akautazama ndani, akaukunja, ndipo akasema asante. Siku kanisa lilipompa Biblia mpya aliishika mgongoni, akaitikisa, akapitisha kurasa zote kwa kidole gumba, na mchungaji aliyekuwa amesimama mbele ya watu akingoja makofi ikabidi aendelee kungoja. Mimi alinifanyia hivyo sokoni, siku ya kwanza kuonana. Nilikuwa nauza vyombo na mablanketi katika soko la wazi katikati ya Birmingham. Akachagua sufuria, akafunua kifuniko, akaingiza mkono, akauzungusha, akafunika.

"Unatafuta nini humo, mzee? Nimekuuzia sufuria, sijakuuzia nyama."

"Minaangalia kama iko tupu," akasema. "Kitu yote unapewa, angalia kama iko tupu. Kisha unasema merci."

Tulimwita Mzee wa Ghala. Zamani, Kongo ikiitwa bado Zaire, alikuwa mtunza ghala la silaha katika kambi moja ya jeshi upande wa mashariki. Bunduki zilitoka kwake asubuhi na kurudi kwake jioni, na mtu akikupa bunduki ukaipokea bila kuifungua uone kama ina risasi, hufiki uzeeni. Yeye alifika. Huku Birmingham alitunza ghala la samani kuukuu, Digbeth, karibu na stendi ya mabasi ya mikoani: vitanda, makochi na makabati ambayo Waingereza wameyachoka, yakigawiwa familia zilizofika nchini na mifuko ya plastiki. Ghala kwa ghala. Jina lake nalijua lakini silitaji, maana mwenyewe hakupenda kutajwa hata akiwa hai. Na Mama Njeri, atakayeingia hapa muda si mrefu, haitwi Mama Njeri. Ameniruhusu kuandika, kwa sharti kwamba nisitie chumvi. Nimemwambia mimi mfanyabiashara, chumvi inagharimu.

Kubishana bei hakujua kabisa. Nilimtajia bei ya sufuria ile nikiwa nimeipandisha, kama inavyotakiwa, ili ashushe, nilalamike, ashushe tena, nimwite mwizi, tukutane katikati tukiwa marafiki. Akatoa hela yote kama nilivyotaja. Nilijisikia vibaya siku nzima. Kumuuzia mtu asiyebisha ni kama kula ugali mkavu: tumbo linajaa, ila hujui umekula nini. Wiki iliyofuata nilimwita nikamwambia, mzee, ulipaswa kukataa. Akanitazama kwa huruma, akajibu kwa Kiswahili chake cha Kongo, ambamo 'ndiyo' ni 'njo'.

"Mutanzania, ghalani hatubishane. Kilichoandikwa njo kinatoka. Ukianza kubishana, kesho jeshi iko bila bunduki, na soko iko nayo."

Ndivyo tulivyozoeana. Nikaanza kwenda kanisa lake, ukumbi wa kukodi kule Newtown, si kwa wokovu hasa, bali kwa sababu baada ya ibada Wakongo walipika sombe, yaani kisamvu, na Wakenya chapati, na mimi nilileta njaa ya Dar es Salaam. Hapo ndipo alipokuwa anatoa masomo yake. Alikaa Newtown katika ghorofa moja refu la halmashauri, na hatua chache kutoka pale kuna mitaa ambayo tangu enzi za mababu wa Waingereza imekuwa ya mafundi bunduki. Wamebaki wachache. Mmoja wao, mzee wa Kiingereza mwenye lafudhi ya Birmingham nzito kama uji, alifanya naye urafiki. Mmoja hakusikia vizuri na mwingine hakusema vizuri, wakaelewana. Kwa fundi yule ndiko Mzee wa Ghala alikojifunza sheria za silaha za nchi hii, na alipokuja kwetu Jumapili alitufundisha kama tulivyomwomba, yaani bila kuombwa.

"Hapa Uingereza bunduki si chuma," alisema, ameshika ufagio mkononi. "Bunduki ni kipimo. Hii hapa ni bunduki ya marisau ya mukulima. Mututu yake inchi makumi mbili na ine, ndani inakula risasi mbili. Mukulima anaomba kibali, polisi wanamuangalia, wanamupa. Sasa fungua pale ndani, weka nafasi ya risasi ya tatu. Hiyo ni kibali ingine, kubwa, ngumu. Sasa kata mututu kidogo tu." Akapima upana wa kidole kwenye mpini. "Jela. Chuma ni kile kile. Mutu ni ule ule. Umekata kama vile unakata muguu ya meza inayoyumba."

"Kwani mzee unapanga kununua?" akauliza kijana mmoja wa Kikenya aliyekuwa anasoma uhasibu.

"Mimi? Hata ile ya maji ya watoto sinunue."

"Na ile ya upepo?"

"Ya upepo hapa haina kibali. Lakini panda meli, vuka kwenda Ireland ya Kaskazini, bunduki ile ile, upepo ule ule: lete kibali. Malkia mumoja, sheria mbili." Akacheka peke yake. Kisha uso ukafungwa, akatoa ule msemo wake ambao tulikuwa tunaumaliza pamoja naye kama wimbo: "Sheria haiulize ulichukua na roho gani. Inauliza ilikuwa mukononi mwa nani."

Ungemsikia ungedhani ni mpenzi wa bunduki. Alizichukia. Televisheni ikionyesha sinema ya vita alitoka nje ya nyumba ya watu, hata kama sahani yake haijaisha. Hakumnyoshea mtu kidole. Akitaka kukuonyesha mahali alitumia kidevu. Lakini mpitishe mbele ya dirisha la fundi bunduki, anasimama pale dakika nzima akikagua vitako vya mbao, na kusema, "Mbao nzuri, kazi mubaya," kwa sauti ya mtu anayemsikitikia binti wa jirani aliyeolewa ovyo. Nilimuuliza mara moja kwa nini anasimama. Akasema daktari wa mapafu naye havuti sigara, lakini akipita kwa mvutaji husikiliza kikohozi.

Krismasi moja vijana wa kwaya walichonga bunduki za mbao kwa ajili ya askari wa Herode. Wamezipaka rangi nyeusi, zinapendeza kweli, na mpango ni kuandamana nazo barabarani kutoka ukumbini hadi kwenye maegesho. Mzee wa Ghala alizikusanya zote, akazivunja juu ya goti lake moja baada ya nyingine mbele ya mwalimu wa kwaya. Sheria mpya inakuja, akasema, ukikutwa barabarani na mfano wa bunduki bila sababu ya maana, umekosa. Na kabla sheria haijafika, polisi mwenye bunduki ya kweli atafika. Mwalimu wa kwaya akauliza askari wa Herode washike nini sasa. Wakapewa mifagio. Mwaka ule watoto wachanga wa Bethlehemu walifagiwa. Tulicheka hadi machozi, na yeye alikaa mstari wa nyuma bila kucheka, akihesabu mifagio irudi stoo. Nilikuwa nahesabu pia. Ni kilema chetu sote wawili.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume huko kwao, na jambo lililompata alinisimulia siku moja tu, kwenye ngazi. Lifti ilikuwa mbovu, tunapandisha kitanda cha familia moja iliyofika kutoka Uvira, na kati ya ghorofa mbili tukapumzika, kitanda kimesimama kati yetu, hivyo nilimsikia bila kumwona. Huko kwao, baada ya vita, serikali ilitangaza kwamba kila raia aliyeokota bunduki ailete, hataulizwa kitu. Yeye, mtu wa ghala, aliamini tangazo, kwa sababu maisha yake yote tangazo lilikuwa ni kitu anachokitii. Mdogo wake alikuwa ameokota moja shambani, askari wameitupa wakikimbia. Akamwambia: nenda siku ya kwanza kabisa, watu wakuone, wapate moyo.

"Alienda wa kwanza," akasema kutoka upande wa pili wa kitanda. "Bakamupokea. Bakamushukuru. Kisha bakamuuliza: na ya pili iko wapi?"

"Ya pili ipi?"

"Njo hivyo naye alijibu."

Walimrudisha nyumbani amebebwa juu ya mlango uliong'olewa. Aliishi hadi alfajiri. Waliokwenda mwishoni mwa zoezi, wakubwa wakiwa na haraka ya kupiga picha na kuondoka, walipewa sabuni na sukari.

"Wa kwanza anaulizwa ya pili," akasema. "Shika hiyo, Mutanzania. Haya, inua."

Tukainua.

Sasa Mama Njeri. Alikuwa nesi Mkenya, mjane, mwenye mabinti wawili, Njeri na mdogo wake. Kila siku alipanda treni kwenda kazini Selly Oak na kurudi akiwa amevimba miguu. Mume wake alikufa ghafla kwa moyo, na katika vitu vyake kulikuwa na sanduku dogo juu ya kabati, na ndani ya sanduku bastola ya upepo. Marehemu aliinunua dukani, mchana kweupe, akapewa na risiti. Alikuwa akiitumia kutungulia makopo kwenye kijishamba alichokodi pembeni ya mji, akidai anafukuza njiwa. Njiwa walimzoea.

Mapema mwaka 2004, baada ya ibada, Mama Njeri alimleta Mzee wa Ghala nyumbani kwake aitazame. Nilikuwepo kwa sababu kulikuwa na chai. Aliishika, akaifungua, akachungulia, akatoa kiganda kimoja kidogo cha risasi, cha shaba, akakigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama, hii si ile ya upepo ya kawaida. Ile ya kawaida, upepo unakaa ndani ya bunduki. Hapa upepo unakaa ndani ya kila risasi, unajazwa na pampu. Wahuni bamejua kuitoboa ikule risasi ya kweli. Sheria imeikataa aina hii yote, hata ile haijatobolewa. Mupaka mwisho wa mwezi wa ine, peleka polisi, ao omba kibali. Kisha ya hapo, ukikutwa nayo ni miaka mitano."

"Mitano? Ya hiyo kitu ya kupiga mikebe?"

"Mitano. Hakimu hana ruhusa ya kushusha, mupaka kuwe na sababu ya ajabu."

Mama Njeri akaketi. Hakuuliza kuhusu leseni yake ya unesi. Aliuliza kitu kimoja. "Nikifungwa, wasichana wangu watabaki na nani? Sina mtu hapa. Watachukuliwa na serikali, wagawanywe, mmoja huku, mwingine kule."

"Haufungwe. Siku ziko mingi."

"Basi nitaipeleka kesho nikitoka shift."

Hapo ndipo ilipotakiwa tumwache aende. Sheria mzee aliijua yote, kipimo kwa kipimo, na yote aliyosema yalikuwa kweli. Lakini mkono wake ulikuwa umeshafunika lile sanduku.

"Hapana kesho," akasema. "Ngoja kwanza batu bengine baende. Wa kwanza anaulizwa ya pili."

"Mzee, hapa si Kongo," nikamwambia.

"Polisi ni batu," akasema. Na Mama Njeri, ambaye mumewe alimheshimu mzee huyu kuliko mchungaji, akangoja.

Wiki ya mwisho ya Aprili mzee alinichukua tukakae kituo cha basi kinachotazamana na kituo cha polisi. Alitaka kuona. Tulikaa pale asubuhi nzima na chupa ya chai, mabasi yanasimama na kutufungulia milango, madereva wanatutukana. Walioingia walitoka: mwanamke na mbwa, vijana wawili, bwana mmoja aliyepoteza pochi. Kisha akaja mtu na mfuko mrefu begani, mwembamba, wa turubai. Akaingia. Tukangoja. Chai ikaisha. Hakutoka.

"Unaona?" Mzee wa Ghala akasema polepole.

"Labda anafanya kazi mle."

"Na mufuko ile?"

"Ule mfuko wa fimbo za kuvulia samaki, mzee."

"Unajua?"

"Sijui."

"Voilà."

Nikambembeleza. Nilimwambia nitaipeleka mimi, akasema, na wewe wakikuuliza ya pili? Nikamwambia sina ya pili. Akanigeukia kwa macho ambayo sikuweza kubishana nayo, mimi niliyebishana na wauza nyama wa nchi mbili. Mama Njeri alipompigia simu usiku ule, mzee alimwambia wangoje kidogo. Kule kwao tarehe kama hizi husogezwa, zote, mara mbili mara tatu, kwa sababu serikali yenyewe haiwi tayari. Aprili ikaisha. Serikali ya huku ilikuwa tayari.

Mei sikumwona mzee kanisani. Mama Njeri nilimkuta jikoni kwake akiwa amesimama katikati, hafanyi chochote, sufuria inaungua.

"Umeona sasa? Nimekaa na miaka mitano juu ya kabati. Nalala chini yake," akasema. Mzee alikuwa kwenye kochi la sebuleni, mlango wazi, kofia mkononi. "Aki mzee, si ulisema tungoje? Nikangoja kama mjinga. Nikiipeleka leo watanishika. Nisipoipeleka, siku wakiingia hapa watanishika. Ebu niambie sasa, wewe unajua sheria yote."

Nikajibu mimi, kwa akili ya barabarani. "Mji huu una mifereji ya maji kila upande. Itumbukize."

"Utapita nayo njia gani?" mzee akauliza. "Mukononi mwa nani? Na mutoto akija na ndoano yake akaitoa?" Kisha akainuka, akamwambia Mama Njeri jambo ambalo siku ile sikulielewa: "Mama, ile kabati ya bwana yako. Ghala iko na haja ya kabati."

Alikuja na gari la ghala kesho yake. Mama Njeri ndiye aliyenisimulia. Mzee alimwomba aingie chumba cha watoto na kufunga mlango. Akasikia kabati likifunguliwa, likifungwa. Alipotoka, sanduku halikuwepo, na mzee alikuwa ameshika ncha moja ya kabati, dereva ncha nyingine.

"Hukunipa kabati," mzee akamwambia. "Hata kiti hukunipa."

Asubuhi iliyofuata alivaa suti yake ya ibada, akaenda kituo cha polisi peke yake. Bastola aliitoa risasi zote, akaifunga kwa gazeti. Vile viganda vya shaba alivifunga mbali, kwenye leso. Akasema ameikuta ndani ya kabati lililoletwa ghalani. Wakamuuliza kabati la nani. Akasema hakumbuki. Mtu ambaye angekutajia kila stuli iliyopita Digbeth, ilitoka mtaa gani na mguu upi unayumba, akasema hakumbuki. Wakapekua ghala, wakapekua nyumba. Wakagundua kazi yake ya zamani jeshini, na hapo mambo yakanenepa. Nilikuja kuambiwa na yeye mwenyewe kwamba katika chumba cha mahojiano, kwa adabu kubwa, mkalimani akiwa pembeni na chai mezani, walimuuliza kama kuna nyingine na iko wapi.

"Nikafurahi," akaniambia.

"Ukafurahi?"

"Nilikuwa mimi. Haikuwa ule mama."

Mahakamani alikubali kwamba ilikuwa mkononi mwake, kwa sababu ilikuwa mkononi mwake. Jaji alisema mzee wa umri ule, aliyejileta mwenyewe, hiyo ni sababu ya ajabu, lakini ukimya wake kuhusu ilikotoka silaha unamfunga mikono. Akampa miwili badala ya mitano. Nilijikuta nikiwaza kuwa hiyo ndiyo mara pekee maishani mwake kupunguziwa bei, na hata hapo hakuomba. Sheria pia ikampiga marufuku kugusa bunduki yoyote, hata ya upepo, kwa miaka mitano baada ya kutoka. Alimwambia wakili wake aombe iwe ya maisha. Wakili alidhani mkalimani amekosea.

Nilimtembelea jela. Alikuwa amekonda, ila amenyolewa vizuri, na walikuwa wamempa kazi stoo ya mablanketi. Nikampa habari za soko. Akanisikiliza, kisha akanikatiza.

"Mutanzania, kule polisi iko mulango ya nyuma."

"Nini?"

"Walipomaliza na mimi siku ya kwanza, bakanitoa kwa nyuma. Iko mulango mukubwa, inafungukia barabara ingine, na kituo ya basi. Ule mutu wa mufuko murefu." Alitaka kucheka, mdomo ukaanza, ukakataa. "Alitoka, ndugu yangu. Alitoka tu kwa nyuma, akapanda basi yake." Aliweka viganja juu ya meza, akavitazama ndani. Askari wa zamu akasema muda umekwisha. Sikuwahi kusikia muda ukiisha nikashukuru isipokuwa siku ile.

Kanisani walimgawana. Wengine walisema mtu wa bunduki hubaki mtu wa bunduki, ona sasa, na zile mbwembwe zote za sheria. Mwalimu wa kwaya alikumbusha mifagio. Mchungaji akahubiri juu ya mitego. Mama Njeri alikuwa amekaa mstari wa tatu na binti zake, akasikiliza hadi mwisho. Jioni alinipigia simu analia.

"Nikisimama niseme ukweli, atatoka?"

"Hatatoka. Mtaingia wawili."

"Wasichana wameniuliza, ni kweli yule mzee alikuwa na bunduki?"

"Ukawaambia nini?"

"Nimewaambia ni kweli. Nimewaambia wasimkaribie tena. Ningesema nini, ndugu yangu? Mtoto akijua, mtoto atasema. Shuleni, kwa rafiki, kwa mtu yeyote."

Mzee mwenyewe alikuwa amempelekea ujumbe kupitia kwangu: asije, asiandike, asitume hata salamu. Mama Njeri alitii. Baada ya muda akahamia kanisa jingine. Sikumlaumu kwa sauti.

Mzee alipotoka jela hakuwa na nyumba. Lile ghorofa la Newtown lilikuwa limepewa watu wengine. Ghala lilikuwa na mtu mwingine. Nilimtafutia chumba Selly Oak, katika nyumba ya kupanga iliyojaa wanafunzi wa chuo kikuu, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa mteja wangu na hapo nilibisha bei kwa ajili ya watu wawili. Wanafunzi walimpenda. Walimwita Sir, waliacha vyombo vichafu siku nane, naye alivisafisha bila neno. Alizeeka haraka. Miguu ilikataa, kikohozi kikamganda.

Mara ya mwisho nilimkuta amekaa kwenye ukuta mfupi wa mbele ya nyumba, koti limefungwa hadi shingoni, na jua la Oktoba lisilo na faida. Nikakaa kando yake. Nilikuwa nimemletea samaki wa kukaanga. Tulizungumza juu ya fundi wake wa bunduki wa Kiingereza, aliyekuwa amefariki. Kisha kidevu chake kikaelekea upande wa juu wa barabara.

Msichana alikuwa anateremka kuelekea stesheni, mkoba wa vitabu begani, mrefu, mwendo wa haraka wa watu waliozaliwa huku. Nilimfahamu kabla hajafika mti wa pili. Njeri. Sikujua kama amekuja kusoma Selly Oak, mtaa huu huu.

Naye alituona. Akasita kidogo tu, kama mtu aliyekumbuka amesahau funguo. Kisha akashuka kwenye ukingo, akangoja gari lipite, akavuka upande wa pili. Alipotufikia, kule ng'ambo, alikuwa anatazama simu yake, na simu haikuwa imewaka.

Nikainuka. Kinywa kilikuwa kimeshafunguka kumwita. Mzee wa Ghala akashika mkono wa koti langu, kwa nguvu ambayo sikudhani bado anayo.

"Kaa."

"Mzee, huyu mtoto inabidi ajue. Anakukimbia wewe!"

"Kila siku anavuka," akasema. "Jumatatu na Jumatano asubuhi, zingine saa hii. Kaa, Mutanzania. Mama yake amemulea vizuri."

Nikakaa. Njeri alifika pembeni, pale barabara inapokunja kwenda stesheni, akavuka tena kurudi upande wetu, mahali ambapo hatungeweza kumfikia. Mzee aliendelea kutazama hata baada ya kona kuwa tupu. Koti langu alikuwa bado amelishika.

"Anatembea kama baba yake," akasema. "Wote wawili bako pamoja, na mudogo wake?"

"Wako pamoja," nikamwambia. "Nyumba moja, na mama yao."

Akaachia koti, akaufungua mfuko wa samaki, akanipa kipande kikubwa.